Makombo Yaliyooshwa

Kinu cha karatasi kilipofungwa, mume wangu Réal alihamia gereji. Sisemi alilala huko. Alilala kitandani kwetu na kukoroma kama kawaida yake. Lakini asubuhi, akishakunywa kahawa, alikwenda kujifungia kule na redio yake, akaichukua mashine ya kukatia nyasi ambayo haikuwa na ubovu wowote, akaifungua yote, kisha akaifunga tena. Kesho yake vilevile. Mimi niliolewa na fundi mkuu wa Mashine Nambari Nne, mtu ambaye akipita kinuni vijana wanampisha njia, na sasa nilikuwa naishi na mtu anayejificha nyuma ya pazia akimwona mleta barua, asije akamsalimu na kumwuliza habari za kazi.

Miaka ikaenda hivyo. Binti yetu alishahamia Alberta na mumewe, na akipiga simu Jumapili baba yake ananipungia mkono: mwambie nimetoka. Wanaume wawili wa zamu yake ya zamani walizikwa ndani ya mwaka mmoja, na si kwa ugonjwa. Mmoja wao, Gaétan Arcand, mkewe ndiye aliyemkuta. Tangu siku hiyo nikawa nikirudi kutoka dukani naliita jina la Réal kabla sijafungua mlango, naita kwa sauti ya kawaida kabisa, na moyo unanidunda mpaka anijibu. Hiyo ndiyo hofu niliyoishi nayo. Atakayenihukumu kwa yaliyofuata aanze kwanza kuishi nayo yeye.

Halafu kikaja kiwanda kipya. Kilikuja kuingia humohumo kinuni, katika ukumbi ambao Mashine Nambari Nne iling'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Walichotengeneza kilikuwa plasta. Unambandika mgonjwa kifuani, plasta inasikiliza moyo wake na kumpelekea daktari habari, na ikishamaliza kazi unaitupa kwenye mboji pamoja na maganda ya viazi. Haikuwa na chuma wala plastiki ndani yake. Karatasi yake ilikuwa ya mti, lakini mti uliosagwa ukawa uji mwembamba, na uji huo ukikauka unapata utando unaopitisha mwanga. Nyaya zake zilichapwa tu juu ya utando kwa wino wa kaboni, na kaboni yenyewe ilikuwa masizi ya mti huohuo. Na vyote vilitoka mfululizo. Uji unamwagwa upande huu, unakuwa utepe mpana, utepe unapita tanurini, unapita chini ya rola za wino, unakauka, unakatwa kingo, na upande wa pili unajiviringisha kuwa jora. Haukusimama mpaka usimamishwe.

Waliwachukua watu wa karatasi kwa sababu sijui ni nani mwingine anayeweza kukimbiza utepe mwembamba namna ile bila kuukata. Réal alipewa tangi la uji. Mimi nilipewa meza ya kupimia, kule mwisho. Basi kati yangu na mume wangu palikuwa na utepe mmoja, yeye anauanza na mimi naumaliza.

Réal akafufuka. Sina namna nyingine ya kusema. Alianza kunyoa ndevu kabla ya kahawa. Simu ya Jumapili akawa anaipokea yeye, na kuing'ang'ania mpaka ninamnyang'anya. Alirudia hata kunitania. Yeye huniita mama tangu binti yetu alipozaliwa, nami humwita baba, kama wazee wetu walivyoitana.

"Mama, utepe wa leo ulikupendeza?" ananiuliza huku anavua buti mlangoni.

"Ulikuwa na mikunjo, baba. Kama shingo yako."

"Aa! Basi ulikuwa utepe mzuri."

Nilimpenda upya, na katika umri wetu hilo ni jambo la kutisha.

Sasa niseme habari ya makombo, maana msiba wote umelala hapo. Makombo ni karatasi iliyokatika, kingo, kipande kilichoharibika. Mtu wa karatasi hatupi makombo. Utepe ukikatika, wewe unakimbia, unayakumbatia makombo, unayasukumia shimoni chini ya mashine, yanarudi kuwa uji, na uji unarudi kuwa karatasi. Zamani hata magazeti makuukuu yaliletwa kwa malori, na watu wa Réal waliyaosha wino kwa sabuni na mapovu ya hewa mpaka uji ukawa mweupe. Réal hakutumia kipimo. Alichota uji kwa mkono, akausugua kati ya vidole, akauonja kwa ncha ya ulimi, akasema umetakata au bado, na hakukosea. Mtu aliyetupa makombo pipani pale kinuni alichekwa mpaka siku anastaafu.

Kiwanda kipya nacho kilirudisha makombo, ila kwa sharti. Mhandisi wetu, Maude Arcand, msichana wa hapahapa mjini aliyekwenda kusoma akarudi, alitueleza siku ya kwanza.

"Jamani, kingo zisizo na wino zinarudi tangini kwa Bwana Réal. Chochote kilichoguswa na wino kinaingia pipa la bluu, kikachomwe kiwe masizi ya wino mpya. Kwa hiyo hakuna kinachopotea."

"Na pipa likijaa?" Réal akauliza.

"Linasubiri. Tanuri la masizi ni dogo, Bwana Réal."

"Pipa lililojaa ni aibu, binti yangu. Baba yangu angefufuka akanitandika."

Watu wakacheka. Maude naye alicheka, akampigapiga begani.

Mwezi wa Machi, ndoo za kukingia utomvu zilipokuwa zimeshatundikwa kwenye miti ya sukari na mto umeanza kupasuka barafu, meneja alituita. Bwana Dufresne ni mtu mwenye sauti ya padri na viatu visivyojua tope. Alisema kampuni ya Toronto inayouzia hospitali imekubali kutujaribu. Wanataka utepe ukimbie wiki nzima bila kusimama, kisha wachukue majora hayohayo wakayapime wenyewe.

"Tukifaulu, wengi wenu mtastaafia hapa," akasema. "Tukishindwa, wana kiwanda kingine kinawasubiri huko Marekani, na sisi tutafunga. Siwafichi. Na watatazama kila kitu, jamani. Hata takataka zetu watazipima."

Nilimwona Réal akiitikia kwa kichwa polepole aliposikia habari ya takataka. Sikuwaza chochote.

Utepe ulianza kukimbia Jumatatu. Mwanzo ulisumbua, kama kila mwanzo. Wino ulikuwa mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili, na Yvon Matteau, bwana wa rola, alitaja tabernakulo na kalisi na hostia kwa mkupuo mmoja, ndiyo matusi ya kwetu, mpaka ukakaa sawa. Makombo yenye wino yalikuwa mlima. Baadaye ukatulia, ukaenda vizuri ajabu, na Réal akawa anarudi nyumbani anaimba nyimbo za Krismasi katikati ya Machi.

"Kuna nini, baba? Umekunywa?"

"Nina jambo langu, mama. Utaliona siku ya sherehe, tukishafaulu. Watu wa Toronto watalishangaa."

"Unanificha mimi?"

"Nakuficha wewe kwanza, maana wewe ndiye redio ya mji huu. Nipakulie supu."

Nikampakulia supu ya njegere na kipande cha nyama ya nguruwe kilichokuwa changu.

Pale mezani kwangu, kila jora nililikatia kipande, nikakipima kikiwa kikavu, kisha nikakiingiza kwenye kabati la jasho. Ni kabati lenye joto na unyevu wa kifua cha mtu mwenye homa. Kipande kinashinda humo na kulala humo, kisha nakipima tena. Vipande vikavu vilikuwa safi vyote. Vya kwanza kutoka kabatini vilikuwa na kasoro ndogo, nikadhani ni mkono wangu. Vya pili vilikuwa vibaya. Vya tatu nilipovigusa kwa sindano za kipimo, umeme ulipita kila mahali, hata pale pasipo na tone la wino.

Yvon aliniona nimeinama muda mrefu, akaja.

"Lisette, usiniambie ni rola zangu."

"Sijasema ni rola zako."

"Umeniangalia."

"Nakuangalia kwa sababu umesimama mbele ya uso wangu, Yvon. Niitie Maude."

Maude alipima mwenyewe, akapima tena, akakiweka kipande chini ya darubini na kukaa hapo mpaka kahawa yake ikapoa. Alipoinua kichwa alikuwa amepoteza rangi.

"Mistari ya wino ni mizuri," akasema. "Ni karatasi yenyewe. Ikilowa jasho inapitisha umeme. Ukimbandika mtu, itasikia moyo na misuli na nguo na kila kitu, na haitaelewa chochote."

"Basi huyo ni mama mkwe wangu," Yvon akasema.

Hakuna aliyecheka. Maude alisema kuna kitu kimeingia kwenye uji, akaenda kuchukua chupa za kukinga maji ya bomba. Mimi niligeuka, macho yakaangukia pipa la bluu. Lilikuwa karibu tupu. Nilikumbuka ule mlima wa Jumatatu, na nilijua tanuri la masizi halijawashwa wiki hiyo. Miguu ilianza kwenda kabla kichwa hakijamaliza kufikiri.

Nyuma ya tangi kuu lipo tangi dogo la kinu cha zamani ambalo hakuna aliyekuwa na kazi nalo. Réal alikuwa hapo, mikono ya shati imekunjwa, povu la kijivu limempanda mpaka viwiko. Aliponiona alishtuka, kisha akatabasamu.

"Umenifuma. Nami nilitaka kukuonyesha siku ya sherehe."

"Unafanya nini, baba?"

"Naosha makombo. Yale ya wino. Njoo uone." Akaniongoza kwenye ndoo ya uji uliokwisha kuoshwa, akachota kiganja kimoja, akausugua, akauonja. "Onja na wewe."

Nilionja. Haukuwa na ladha yoyote. Nilisugua, ukateleza vidoleni bila chembe. Kwa kila alichofundishwa mtu wa karatasi, uji ule ulikuwa safi.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu Jumatatu! Dufresne si alisema watapima takataka? Wapime! Watalikuta pipa halina kitu. Jumatatu tulichafua utepe wa kutoka hapa mpaka kanisani, mama, na wote umerudi tangini. Hata shubiri haikupotea. Nilifanya wakati wenzangu wanakula, nisisumbue mtu."

Mimi si mhandisi, lakini nilikuwa nimekaa jirani na Maude mwaka mzima nikimsikiliza. Wino wa gazeti ukibaki unaacha doa, na doa jicho linaliona. Kaboni ile ilisagwa ndogo kiasi kwamba jicho na kidole na ulimi vyote vinaipita, na sabuni nayo inajificha kwenye karatasi ikingoja jasho. Na kwa kuwa kila ukingo uliokatwa ulirudi tangini, uchafu ule ulikuwa umezunguka kwenye kila bomba na kurudi tena, siku baada ya siku. Mume wangu alikuwa ametutia sote mchanga kwenye kitumbua, na alikuwa amesimama mbele yangu akingoja nimsifu.

Nilimtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu niliyeolewa naye.

"Umefanya kazi kubwa, baba," nikasema. "Lakini umechoka. Nenda kanywe kahawa kwanza."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda. Nami nikaenda kwa Maude.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alifunika uso kwa viganja.

"Inabidi nisimamishe utepe, Bibi Lisette. Sasa hivi."

"Usimamishe. Lakini yeye asijue."

"Itawezekana vipi? Watu watauliza. Toronto watauliza."

"Toronto waambie utakavyo. Mimi nasema Réal. Maude, wewe kinu kilipofungwa ulikuwa shuleni, hukuona. Yule mtu akijua ameua kazi ya mji mzima kwa mikono yake mwenyewe, sitamkuta hai. Nakuapia. Wewe Gaétan alikuwa nani wako?"

Sikupaswa kumwuliza hivyo. Gaétan alikuwa baba yake mdogo, na ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Nitasema ni ukungu," Maude akasema. "Ukungu huingia tangini ukaozesha uji, kila mtu anajua. Nitaongea na Bwana Dufresne." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Lakini si vizuri tunachofanya."

"Najua si vizuri. Fanya tu."

Utepe uliposimama, ukumbi mzima ulinyamaza na watu wakatoka walikokuwa kuja kutazama. Réal alikuja mbio, kikombe mkononi. Walipomwambia ukungu, alitukana kidogo, kisha akakunja tena mikono ya shati.

"Ukungu? Mimi na ukungu tunafahamiana toka zamani. Tupeni siku chache tu."

Walimwaga tangi. Siku zilizofuata alisafisha mabomba pamoja na wengine, akitambaa chini ya mashine kwa magoti yake mabovu, akichokonoa kila kona kwa waya. Akirudi nyumbani alinieleza hatua kwa hatua: bomba hili limetakata, lile bado, tukipata wiki moja zaidi tunashinda. Nami nilipakua chakula na kusema ndiyo baba, hakika baba. Nilipata nafasi nyingi za kumwambia. Kila mara nilimtazama akikata mkate, nikajiambia si leo, mwache ale.

Maude alipima uji mpya. Mabomba bado yalikuwa yanatoa kaboni. Ingebidi yang'olewe yote, na Toronto hawakungoja.

Mkutano wa kutuaga ulifanyika katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Jumamosi moja baada ya Pasaka. Wanawake wa parokia walileta sandwichi za mayai, zilezile wanazoleta kwenye maziko, na Yvon alipita mezani akiuliza marehemu amewekwa wapi. Tulikaa karibu na ukuta, mimi na Réal, meza moja na Yvon na mkewe. Alivaa tai. Alikuwa na huzuni, lakini huzuni ya kawaida, ile ya kila mtu mle ndani, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tutapona. Tumemwaga unga, ni kweli, lakini alikuwa amemwaga pamoja na wenzake, si peke yake. Nilijiambia hivyo na nikala sandwichi mbili.

Bwana Dufresne alisema maneno yake ya padri. Alishukuru, akasifu, akasema teknolojia hii ina siku zake njema mbeleni, ingawa si kwetu. Ndipo mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Sasa sababu hasa ni nini? Ukungu peke yake unafunga kiwanda?"

Dufresne aliyumba. Aliniangalia mimi, kufumba na kufumbua, kisha akaangalia viatu vyake. Nadhani alitafuta uongo mwepesi usiomgusa mtu.

"Pamoja na ukungu," akasema, "mnunuzi aliona tunapoteza malighafi. Makombo yalikuwa mengi mno. Takataka zetu zilizidi tulichoahidi."

Hakujua watu wa karatasi yule bwana. Nilihisi Réal akikaza mwili kando yangu. Kiti chake kikasukumwa nyuma.

"Hapana," Réal akasema. Alikuwa ameshasimama. "Samahani, Bwana Dufresne. Useme yote, lakini hilo usiseme. Watu hawa hawakupoteza kitu."

"Bwana Réal, tafadhali, si..."

"Ngoja nimalize. Utuite maskini, utuite wazee, sawa. Wapotevu, hapana! Pipa la bluu lilikuwa tupu. Nani alilimwaga? Mimi. Makombo yote ya wino niliyaosha mwenyewe, kwa sabuni, mpaka yakatakata, nikayarudisha tangini. Toka siku ya kwanza mpaka utepe uliposimama. Mke wangu huyu hapa alionja, mwulizeni. Kwa hiyo mtu asitoke humu ndani leo akidhani tumefukuzwa kwa ubadhirifu."

Alisema kwa sauti nzuri, ile ya zamani. Mkono wangu ulikuwa karibu na koti lake. Ningeweza kumvuta tangu neno la kwanza, na haukusogea.

Wachache walianza kupiga makofi kule mbele, wakaacha. Yvon ndiye aliyeelewa kwanza.

"Ya wino?" akasema, si kwa ukali. "Réal, uliyarudisha ya wino?"

"Yaliyooshwa."

"Tangini."

"Tangini, ndiyo, ulitaka niyarudishe wapi?"

Nilisikia jambo lile likitembea ukumbini, kutoka meza hii kwenda ile, watu wakiinamiana, kiti kikikwaruza sakafu, mwanamke mmoja akisema "Ee Mungu wangu" na mumewe akimnyamazisha. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana. Maude alikuwa amesimama mlangoni na machozi yanamtoka wazi.

Réal si mjinga. Ametumia maisha yake kutafuta mahali utepe ulipokatikia, akirudi nyuma pole pole kutoka mwisho hadi mwanzo, na nilimwona akirudi nyuma namna hiyohiyo pale aliposimama.

"Binti yangu," akamwambia Maude kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Ukungu ulikuwepo?"

"Haukuwepo, Bwana Réal."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Toka siku ile uliyoonja."

"Toka siku ile. Baba, niliogopa. Nilikuogopea wewe."

"Uliogopa nitafanya kama Gaétan."

Watu walisikia.

"Nimetambaa kwenye mabomba yale," akasema, "na kila jioni nakuhadithia, na wewe unanipakulia." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ungeniambia, Lisette. Ningelia, ningevunja sahani. Halafu ningevaa koti nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi watu hawa, mimi mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine. Hilo ningeliweza. Hilo moja lilikuwa bado limebaki mikononi mwangu. Wewe ulishanizika."



Alirekebisha tai yake, akaanza na meza ya mbele. Alisimama mbele ya kila mtu, mmoja mmoja, mikono chini, akamtaja kwa jina lake na kusema, "Ni mimi. Nisamehe." Wengine waliinuka wakamkumbatia. Wengine walimpa vidole tu huku wanaangalia sahani. Kijana mmoja mwenye watoto wadogo aligeuzia uso ukutani, na Réal alingoja pale mbele yake kwa muda mrefu kabla ya kuendelea. Alimwomba radhi Dufresne. Alimwomba radhi Maude, ambaye alikuwa akimwomba yeye kwa wakati uleule. Alizipita meza zote namna hiyo mpaka akafika kwetu ukutani. Akampa mkono Yvon, aliyekaa kushoto kwangu, akamwambia aliyotaka kumwambia. Kisha akanipita, akampa mkono mke wa Yvon, aliyekaa kulia kwangu.